BUSTANI YA FORODHANI SIKU ZA SIKUKUU



Kila Idi jioni, familia za Mjini na za mashamba huteremka Forodhani, watoto na nguo zao mpya, akina mama na vikuba vyao vya asumini. Bustani hiyo ilitengenezwa mwaka 1936 kwa ukumbusho wa Jubilei ya Sultani Khalifa bin Harub. Baada ya Mapinduzi ya 1964 iliitwa Bustani ya Jamhuri. Watu, kama ilivyo desturi yao, wakaendelea kusema Forodhani.

Wengi wetu tunakumbuka ilivyokuwa imechakaa: majani yamekwisha kwa kukanyagwa, ukuta wa pwani umelika. Serikali ilishirikiana na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni, ikafunguliwa upya Julai 2009. Haifai kuirudisha kule ilikotoka.

Kwa hiyo mauwa yaachwe mitini. Atakaye kikuba na anunue. Wachomaji mishikaki wasimwage makaa na jivu mashinani mwa miti, kwani mti ulioungua mizizi hufa polepole, na kivuli chake hakinunuliki.

Liko jambo zito zaidi. Vijana wanaochupa baharini kutoka ukutani ni furaha kuwatazama, wala sina nia ya kuwakebehi. Lakini maji yakikupwa kina huwa kidogo, na usiku hakionekani. Wazazi wayatazame maji kwanza, na mtoto mdogo asiachwe peke yake ukingoni baada ya Magharibi.