Mwizi Mwenye Adabu

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama mwenzetu aliyemaliza kidato cha nne mwaka 1989, baada ya chakula cha jioni cha mkutano wetu wa mwaka. Tumeyachapa karibu yote kama alivyoyasema. – Mhariri)



Katibu aliponiandikia kunitaka niseme machache juu ya burudani yangu ya wakati wa mapumziko, nilidhani anatania. Wenzangu waliosimama hapa miaka iliyopita walizungumza juu ya ufugaji wa nyuki, kilimo cha bustani na maisha baada ya kustaafu. Mimi sina nyuki wala bustani. Basi nitasema kweli, na Mweka Hazina asishtuke: kwa miaka mingi, usiku watoto wakishalala, mimi nimekuwa mwizi. (Kicheko.)

Nieleze kabla hamjaniitia polisi. Upo mchezo uitwao Ultima Online, uliofunguliwa mwezi Septemba 1997 na kampuni ya Origin ya Texas, Marekani, na mpaka leo unachezwa. Ni nchi ya kubuni iliyomo ndani ya kompyuta, yenye miji, misitu, masoko na benki. Watu wa mataifa mbalimbali huingia humo kwa intaneti wakati mmoja, kila mtu na mhusika wake. Huyu ni mhunzi, yule mvuvi, mwingine fundi cherehani, mwingine askari. Na wizi nao ni kazi mojawapo, yenye mafunzo na sheria zake.

Wala si kazi ngeni katika michezo ya namna hii. Mchezo wa mezani uitwao Dungeons & Dragons, ulio mzazi wa mingi ya michezo hii, ulitoka mwaka 1974 ukiwa na aina tatu tu za wahusika: mpiganaji, mchawi na kasisi. Mwaka uliofuata akaongezwa mwizi, na tangu hapo hajaondoka.

Mimi niliingia mwaka 1998 nikiwa mwanafunzi Uingereza. Wale mliosoma huko mnajua majira ya baridi yalivyo: saa kumi alasiri giza limekwisha kuingia, na hakuna jirani wa kukupigia hodi. Mwenzangu wa bwenini alinionyesha mchezo huu, nikachagua wizi kwa sababu nilidhani ni kazi rahisi.

Ndugu zangu, si rahisi. Mwizi hana budi kujifunza kuchungulia mkoba wa mtu, kujificha, kunyata na hatimaye kuiba. Kila ustadi hupanda polepole kutoka 0 kuelekea 100. Anayefika 100 katika kuiba anaweza kuchukua kitu chenye uzito wa vipimo 10 tu, kwa hiyo asiote kubeba deraya ya mtu. Lazima mikono yake iwe mitupu. Akikosea kuchungulia, walio karibu huarifiwa kwa jina nani anapekua mkoba wa nani. Akionekana anaiba mjini, mtu akawaita walinzi, anauawa papo hapo na mali inabaki kwenye maiti yake. Hata akiponyoka, aliyeibiwa anabaki na haki ya kumpiga kila watakapokutana, mpaka siku mwizi huyo atakapokufa. Kipo na chama cha wezi chenye kiingilio cha dhahabu 500, na mwenye rekodi ya mauaji hapokelewi. Nadhani hapo wametushinda hata sisi kwa masharti ya uanachama. (Kicheko.)

Kosa langu la kwanza lilikuwa la kitoto. Nilimvalisha mhusika wangu nguo nyeusi na kofia ya kufunika uso, nikamsimamisha mlangoni mwa benki. Kila mtu alimkwepa. Juma zima sikuambulia hata sindano.

Ndipo nikamkumbuka mwalimu wetu wa Kiswahili. Sitamtaja jina maana yupo meza ya mbele, Mwalimu, shikamoo. Mtakumbuka tulipokuwa kidato cha tatu tulicheza mchezo wa kuigiza siku ya wazazi, nami nikapewa sehemu ya mwizi. Siku ya mazoezi niliingia jukwaani kwa ncha za vidole, macho yakinizunguka kama kinyonga. Wenzangu walicheka mpaka wakalala chini. Mwalimu hakucheka. Aliniuliza, "Mwanangu, huyu amekuja sokoni kununua nini?" Nikajibu kwamba ni mwizi, hanunui kitu. Akasema, "Basi hakuna atakayemruhusu asogee. Mpe kapu, mpe mke aliyemtuma nyanya, halafu aibe."

Nikiwa peke yangu kule ugenini nilifuata maneno hayo. Nilivua nguo nyeusi, nikamfanya mhusika wangu muuza samaki mwenye maneno mengi, anayelalamikia bei na kuuliza habari za safari. Watu wakasimama kuzungumza naye. Huku anabishana juu ya samaki, mkono unafanya kazi. Wapo niliowaibia ambao walirudi kesho yake kuninunulia samaki. Hilo ni jambo la kwanza ninalotaka kulisema: mwizi mzuri ni mtu kwanza. Awe na kazi, awe na shida zake, awe na sababu ya kuwa pale alipo. Anayecheza wizi mtupu hachezi na mtu yeyote. Anapekua mifuko tu.

Jambo la pili nililijua kwa njia ya aibu, na ndilo lililonifanya nikubali kusimama hapa usiku huu.

Katika nchi ile mtu anaweza kununua kitabu kitupu na kuandika ndani yake. Jioni moja nilikuta mhunzi mmoja akitengeneza silaha za watu, mkoba wake umejaa. Nikachukua kitabu, si kwa thamani yake, bali kwa kuwa kilikuwa chepesi nami nilitaka kujipima. Nikatoka mjini, nikakifungua, nikaona majina ya watu na maneno machache ya mizaha. Nikakitupa kando ya daraja. Vitu vinavyoachwa chini katika mchezo ule hutoweka baada ya muda.

Usiku huohuo mhunzi alinitafuta. Nilijiandaa kukimbia, lakini hakuwa na silaha mkononi. Aliniambia kwamba dhahabu yote naweza kuichukua, ila anaomba kitabu. Kilikuwa kimeandikwa na rafiki yake waliyekuwa wakicheza pamoja, na rafiki huyo amefariki. Nikamwuliza kama ni mhusika aliyekufa. Akasema hapana, ni mtu mwenyewe.

Nilirudi mbio darajani. Hapakuwa na kitu.

Nilipomweleza, hakunipiga, ingawa haki alikuwa nayo. Ningependa angenipiga. Alisimama kidogo, kisha akaondoka. Baada ya majuma mawili nilimwendea na kitabu kitupu, nikamwomba anitajie yale majina anayoyakumbuka nami niyaandike. Akanitajia. Alikipokea kitabu, akasema ahsante. Lakini sote wawili tulijua kwamba yale hayakuwa maneno ya rafiki yake.

Tangu siku ile nimeshika kanuni, nami nitawatajieni kwa ufupi.

Kwanza, yule unayemwibia ni mchezaji mwenzako. Nyuma ya yule mhunzi yupo mtu amekaa kwenye kiti, ametoka kazini, amechoka. Umemwondolea kitu, umpe kitu badala yake. Mpe kisa cha kuwasimulia wenzake. Ukimwibia tajiri anayejisifu sokoni, soko zima litacheka, naye mwenyewe kesho atacheka. Ukimwibia mgeni aliyeshinda kutwa akikata kuni kwa vipande 50 vya dhahabu, hakuna kisa hapo. Kuna mtu atakayezima kompyuta na asirudi.

Pili, kubali kukamatwa. Wako wanaoiba kisha wakazima mashine ili wasifukuzwe. Hao wanataka raha ya kuiba bila hatari ya kuiba. Siku za mwizi ni arobaini, na mwizi mwema huziacha zifike. Akimbie kwa miguu ya mhusika wake, na akishikwa afe vizuri.

Tatu, ukiombwa kitu kwa machozi ya kweli, mhusika akae kando, uzungumze wewe. Kwa hiyo usitupe kitu kabla hujajua ni cha nani.

Kanuni hizi hazikufuatwa na wengi, na malipo yake yalionekana. Malalamiko yalizidi mpaka mwaka 2000 wenye mchezo wakaigawa nchi ile sehemu mbili, moja ikiwa mahali ambapo huwezi kumwibia mwenzako. Wachezaji wengi walihamia huko. Sisi tuliobaki upande wa zamani tulijikuta tukitazamana, mwizi kwa mwizi. Sikuwalaumu waliohama. Waliotufukuzia watu ni wale wa kwetu waliodhani kucheza mwizi ni ruhusa ya kuwa mkatili.

Namalizia na neno kwa sisi wazazi. Mwaka jana mwanangu alikuja akinisifia kwamba rafiki yake naye ni mwizi hodari: kamdanganya mwenzake mchezoni ampe neno lake la siri, kisha kakomba kila kitu. Nilizima televisheni, nikamketisha. Nikamwambia muuza samaki wangu hajawahi kuniibia mtu hata mmoja nje ya mchezo. Kuingia kwenye akaunti ya mtu bila idhini yake hakumo katika kanuni za mchezo wowote. Kumo katika Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Aliyeibiwa mchezoni alikubali kuingia soko lenye wezi. Aliyeibiwa neno la siri hakukubali kitu. Mtoto asiyeijua tofauti hiyo tusimkataze mchezo tu tukadhani tumemaliza. Tukae naye tumweleze.

Mwalimu, uliniuliza mwaka 1988 mwizi wangu amekuja sokoni kununua nini. Imenichukua miaka mingi kupata jibu. Amekuja kuonana na watu, kama wengine wote.

Nawaombeni mwangalie mikoba yenu kabla ya kuondoka. (Kicheko.) (Makofi.)