Gari Lilipoteza Mwelekeo

Uwe ungali Nyamira unakamua ng'ombe, au uwe umekwisha kufika steji ya Kisii ukingojea gari lijae. Nakusihi unipe dakika chache kabla hujapanda.

Ipo sentensi moja ambayo sote tumeizoea. Gari likipinduka na watu wakafa, kesho yake tunasoma gazetini ya kwamba "gari lilipoteza mwelekeo." Basi. Habari imekwisha, maiti wanazikwa, na tunarudi shambani. Lakini hebu fikiri: gari lina mwelekeo gani wa kupoteza? Mwelekeo ni wa yule aliyelishika usukani, na wa mwenye gari aliyemtuma, na wa mwenye kulikagua, na wa yule aliyepima barabara. Pengine nao wa abiria.

Nasema abiria kwa sababu ya jambo lililonipata mimi mwenyewe. Ilikuwa siku ya soko Keroka, mvua ya mchana imeanza, nami natafuta gari la kunileta Kisii. Likaja Probox. Gari hilo Toyota walianza kuliunda mwaka 2002 kwa kazi za biashara, nalo lina viti vya watu watano, dereva akiwa mmoja wao. Siku ile tulikuwa 11. Mbele tulikaa wanne, dereva akigawana kiti chake na kijana mmoja ambaye goti lake liliegemea mlango. Nyuma walikuwa watano. Na katika buti walikunjamana mama wawili, wakitazama tulikotoka, na mikungu ya ndizi miguuni. Kuku sikuwahesabu. Mama mmoja akaniambia kwa upole, "Baba, sogea kidogo, sote twaenda nyumbani." Nikasogea.

Baada ya Keumbu dereva akakanyaga mafuta. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kwa sekunde moja tu, yaani wakati wa kutamka jina lako. Na dereva yule alikuwa ameketi kwa nusu ya mwili wake. Nilitaka kusema neno. Sikusema. Nilijiambia kwamba mimi ni mgeni katika gari la watu, na kwamba nikishushwa hapa nitalowa. Tulifika salama, nikalipa nauli, nikamshukuru Mungu kwa sauti kubwa kuliko ile niliyoitumia garini.

Wazee husema ajali haina kinga. Nawaheshimu wazee, lakini waliosema hivyo walikuwa wakisafiri kwa miguu. Katika sheria ya Musa, kwenye Kumbukumbu la Torati sura ya 21, imo amri ambayo hatuihubiri sana. Mtu akionekana amelala kondeni, ameuawa, na muuaji hajulikani, wazee na waamuzi watoke waende mahali pale, wapime umbali hata miji iliyo karibu. Kisha wazee wa mji ulio karibu zaidi wasimame mbele ya watu na kujibu kwamba mikono yao haikumwaga damu ile. Angalia vema. Hawakuruhusiwa kusema ni bahati mbaya. Walitoka na kamba ya kupimia.

Siku hizi kazi hiyo ya kamba hufanywa na mwandishi wa habari aliye mwaminifu. Yeye haridhiki na maneno ya gari kupoteza mwelekeo. Huuliza dereva aliamka saa ngapi, na amekwenda safari ya ngapi leo. Huuliza breki zilikaguliwa lini na nani alitia sahihi. Huuliza mwenye gari anadai fedha kiasi gani kila jioni, maana dereva mwenye deni la jioni hawezi kuondoka na watu wanne. Huuliza gari lilipita vizuizi vingapi likiwa limejaa hivyo, na kwa nini liliachiliwa.

Tarehe 30 Juni 2023, jirani zetu wa Kericho, pale njia panda ya Londiani, lori liliacha njia jioni likawaparamia wachuuzi, waendao kwa miguu, pikipiki na matatu zilizosimama. Walikufa zaidi ya watu 50. Wengi tuliishia kwa dereva wa lori. Lakini wako waliouliza swali jingine: kwa nini soko lilikuwa limekaa ukingoni mwa barabara kuu inayopitwa na malori mazito? Na baada ya msiba huo serikali iliagiza wachuuzi waondolewe kando ya barabara kuu. Sasa, wewe wa Keroka, toka leo ukapime kwa hatua zako mwenyewe, kutoka fungu lako la nyanya hadi lami. Ni hatua ngapi?

Kuuliza huku si kazi bure. Huko Marekani, mwaka 1965, mwanasheria kijana aitwaye Ralph Nader alitoa kitabu kuhusu magari ya nchi yake. Wenye viwanda walizoea kusema kosa ni la dereva. Yeye aliuliza ni kitu gani ndani ya gari kilichomuua dereva huyo. Kampuni ya General Motors ilituma wapelelezi wamfuate, na mwaka 1966 mkuu wake alilazimika kumwomba radhi mbele ya Baraza la Senate. Septemba mwaka huo huo sheria ya usalama wa magari ilitiwa sahihi.

Na sisi tumeona. Februari 2004, waziri John Michuki alipokaza sheria, matatu zilifungwa mikanda na vidhibiti mwendo vya kilomita 80, na idadi ya abiria ikaandikwa. Tulilalamika kwa juma moja, kisha tukaketi kwa nafasi. Mkazo ule ukalegea baadaye. Mwaka 2024 peke yake, zaidi ya watu 4,700 walikufa katika barabara za Kenya.

Lakini jambo lililonichoma moyo zaidi ni hili. Mwaka 2008, wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Georgetown, James Habyarimana na William Jack, walibandika stika ndani ya matatu zaidi ya 1,000 hapa Kenya. Stika hizo zilimwambia abiria neno moja tu, kwamba aseme dereva anapoendesha vibaya. (Madereva walikubali kuziacha zisibanduliwe kwa sababu palikuwa na bahati nasibu ya kila juma, na sisi binadamu ndivyo tulivyo.) Walipopima, madai ya bima ya ajali yalikuwa yamepungua kwa nusu hivi. Baadaye wakarudia kwa magari zaidi ya 12,000, na ajali zikapungua kwa robo au zaidi. Hawakuongeza askari, wala hawakupanua barabara.

Niliposoma hayo nilimkumbuka yule mama wa ndani ya buti.

Juzi nimesafiri tena njia ile ile. Tulikuwa tisa. Tulipopita Keumbu nikasema, "Kijana wangu, punguza mwendo, tuna watoto humu." Kimya kikaingia. Aliyegawana kiti na dereva akageuka akaniuliza, "Mzee, kwani wewe ni polisi?" Nikamjibu kwamba mimi ni abiria, nimelipa nauli. Dereva akapunguza, akaenda hivyo mpaka mteremko wa pili, kisha akaanza tena kukanyaga. Safari hii sikusema mimi. Ilitoka sauti ya mama, nyuma kabisa, kutoka kwenye buti.