Kongosho, Kisukari na Miaka ya Donald Steiner

Ndugu wajumbe wa kamati za sharika, nanyi marafiki mnaotuchangia kutoka mbali,

Katika kikao kilichopita mlituuliza kwa nini ofisi ya miradi inaomba fedha za vipimo vya kisukari wakati dawa zenyewe hazitoshi. Swali hilo ni la haki. Tunaomba tulijibu kwa kuanzia mbali kidogo, kwa mtafiti mmoja wa Marekani.

Kongosho ni kiungo kilicho nyuma ya mfuko wa chakula. Ndani yake mna seli zinazotengeneza insulini, ambayo huuwezesha mwili kutumia sukari. Mwaka 1921 Frederick Banting na Charles Best, huko Toronto, waliipata insulini katika kongosho la mbwa, na mwaka uliofuata wagonjwa wakaanza kudungwa sindano. Lakini je, kongosho huitengenezaje? Hilo halikujulikana kwa zaidi ya miaka 40.

Insulini ina nyuzi mbili zilizofungamana. Wengi walidhani kila uzi hutengenezwa peke yake, kisha zinaunganishwa. Donald Steiner, aliyezaliwa Ohio mwaka 1930 na kusomea udaktari Chuo Kikuu cha Chicago, ambako alirudi kufanya kazi mwaka 1960, alipata kipande cha uvimbe wa kongosho la mgonjwa. Alikiweka pamoja na asidi amino zenye alama ya mionzi, ili afuatilie kinachotengenezwa. Kilichotokea kwanza hakikuwa insulini, bali protini kubwa zaidi ambayo baadaye hukatwa. Ndiyo proinsulini. Yeye na mwanafunzi wake, Philip Oyer, walichapisha habari hizo mwaka 1967.

Fundi cherehani akimaliza nguo, vipande vya kitambaa hubaki sakafuni. Proinsulini nayo ikikatwa hubakiza kipande cha katikati, kiitwacho peptidi C. Kwa kila insulini moja inayotoka kwenye kongosho, hutoka na peptidi C moja. Tena ini huondoa karibu nusu ya insulini kabla haijasambaa mwilini, lakini peptidi C hupita. Na insulini ya sindano haina kipande hicho. Kwa hiyo hata mgonjwa anayedungwa kila siku anaweza kupimwa damu, ikajulikana kongosho lake mwenyewe bado linafanya kazi kiasi gani. Steiner, pamoja na Arthur Rubenstein na wenzao wa Chicago, waliufanya ugunduzi wa maabara kuwa kipimo cha hospitali. Aliendelea kuchunguza namna proinsulini inavyokatwa hadi uzeeni, akafariki mwaka 2014.

Sasa turudi kwenye swali lenu. Mwaka 2025 ulichapishwa utafiti wa watu 894 wa Kameruni, Uganda na Afrika Kusini waliopata kisukari wakiwa vijana na kuhesabiwa kuwa na aina ya kwanza. Karibu theluthi mbili hawakuwa na dalili za damu za kinga ya mwili kushambulia kongosho, na peptidi C yao haikuwa chini kama ya wale wenye dalili hizo. Huenda baadhi yao wana ugonjwa wa namna nyingine.

Tukiri kwamba daftari letu lina safu moja tu: "kisukari". Mzee mnene na kijana aliyekonda huandikwa mstari uleule. Kijana mmoja aliacha sindano kwa kuwa alijisikia nafuu, akarudishwa kwetu akiwa hajitambui. Alipona, lakini hakuna aliyeweza kumwambia kongosho lake limebakiza nini.

Hatusemi mtu yeyote apunguze insulini kwa sababu ya habari hizi. Hilo ni la daktari wake, na fedha za insulini hazitaguswa. Tunachoomba ni fedha za kupeleka damu za wagonjwa wa chini ya miaka 30 kwenye maabara ya rufaa. Daftari jipya litakuwa na safu za umri alipougua, uzito, na tarehe ya sindano ya kwanza. Makatibu wa kamati watachukua nakala zao mezani kabla ya chakula cha mchana.