Wavuna Zabibu wa Delano na Mfuko wa Pamoja



Vyama vingi vya wakulima hutegemea mikono ya wageni wakati wa mavuno, lakini ni nadra jina la mgeni huyo kuonekana katika daftari la wanachama. Kwa sababu hiyo, habari za wavuna zabibu wa Delano, katika jimbo la California nchini Marekani, zinawahusu wanaushirika.

Mashamba ya huko yalihudumiwa zaidi na Wafilipino na Wameksiko. Wafilipino wengi waliingia katika miaka ya 1920 na 1930, vijana wasio na wake. Sheria ya jimbo iliwakataza kuoa wanawake wa Kizungu mpaka ilipobatilishwa mwaka 1948, basi wengi wakazeekea kambini bila watoto. Miongoni mwa Wameksiko walikuwamo waliokuja kwa mpango wa vibarua wa mkataba uliodumu tangu 1942 hadi 1964, vibarua ambao katika Tanganyika ya zamani wangeitwa manamba. Wenye mashamba waliwatenga: hawa kambi yao, wale kambi yao, na kila kundi mnyapara wake. Kundi moja likigoma, la pili liliitwa kuziba pengo. Kila upande ukaamini kwamba adui ni yule asemaye lugha nyingine. Chuki hiyo ilikuwa na faida kwa mtu, na faida yenyewe ilionekana katika udogo wa ujira.

Tarehe 8 Septemba 1965 Wafilipino, wakiongozwa na Larry Itliong, waligoma wakidai dola 1.40 kwa saa. Baadhi ya wenye mashamba waliwakatia maji, gesi na umeme kambini. Itliong alijua kwamba Wameksiko wakiingia shambani mgomo umekwisha, hivyo akamwendea Cesar Chavez, kiongozi wa chama chao kilichoanzishwa mwaka 1962. Chavez alikiona chama chake kuwa bado kichanga mno kwa mapambano hayo. Hata hivyo tarehe 16 Septemba wanachama wake walikutana kanisani Delano, wakaamua kugoma pamoja na Wafilipino.

Hotuba peke yake isingetosha kuwaunganisha. Ukumbi wa Wafilipino uligeuzwa kuwa jiko la wote, na watu waliokuwa wakitazamana kwa jicho baya wakala meza moja. Chama cha Chavez nacho kilikuwa na kitu ambacho wanaushirika wanakifahamu vema: chama cha akiba na mikopo. Mtaji wa kuanzia, dola 3,700, ulipatikana baada ya Richard, nduguye Chavez, kuweka nyumba yake rehani. Hesabu zilishikwa na Helen, mkewe Chavez, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa kibarua wa mashambani. Kibarua asiye na dhamana ya kupeleka benki alipata hapo mkopo mdogo wa kumvusha msimu. Kamati za vyama vyetu zinaweza kujiuliza: je, mvunaji mgeni hupimiwa mzigo wake mbele ya shahidi gani? Anaruhusiwa kuweka akiba? Akiugua kabla ya malipo, nani anamtazama?

Agosti 1966 vyama hivyo viwili vikawa kimoja, Chavez akiwa mkuu na Itliong msaidizi wake. Akina mama wa mijini, makanisa na vyama vya wafanyakazi walisusia zabibu za California, hata tarehe 29 Julai 1970 wenye mashamba wa Delano wakatia saini mikataba.

Wasimuliaji wengi huishia hapo, nako ni kuficha nusu ya habari. Baada ya mikataba, ofisi ya chama ilianza kugawa kazi kwa kufuata muda wa mtu katika uanachama. Kwenye karatasi utaratibu huo ulikuwa wa haki. Lakini Wafilipino walizoea kusafiri kwa vikosi, wakifuata mavuno kutoka wilaya hadi wilaya pamoja na wenzao wa siku zote, na sasa vikosi vilivunjika. Walilalamika pia kwamba Kihispania kilitawala mikutanoni. Wachache wanaweza kushindwa kila siku kwa kura bila mtu yeyote kuwachukia. Itliong alijiuzulu mwaka 1971.

Mwaka 1974 chama kilifungua Kijiji cha Agbayani, makao ya wazee wa Kifilipino yaliyojengwa kwa msaada wa watu wengi wa kujitolea. Kilipewa jina la Paulo Agbayani, mzee aliyefariki mwaka 1967 akiwa katika mstari wa wagomaji. Mwaka huohuo chama hichohicho kiliendesha kampeni ya kuwaripoti kwa serikali Wameksiko walioingia bila hati, kwa kuwa waajiri waliwatumia kuvunja migomo. Waliokipinga hadharani ni pamoja na Wameksiko wenyewe waishio Marekani, ambao wengi wao walikuwa wamekiunga mkono tangu siku za kususia zabibu.