Mafuta ya Midomo na Jua la Ziwani

Mazungumzo kwa wakazi wa kata za mwambao



Mdomo haukuumbwa kama shavu. Ngozi yake ni nyembamba, haina tezi za mafuta, na rangi ya kuukinga na jua ni haba. Ndiyo maana upepo mkavu wa Juni hadi Agosti unapovuma mwambaoni, midomo hutangulia kupasuka ilhali mikono ingali salama. Wengi huilamba. Mate hukauka upesi, huondoka na unyevu uliokuwamo, na mdomo hubaki mkavu kuliko awali. Mwenye kulamba hulamba tena, mpaka duara la weusi likauzunguka mdomo.

Ukavu huo hauhitaji dawa ya ghali. Mafuta ya mgando yasiyo na manukato huufunika mdomo na kuzuia unyevu usipotee. Yaliyochanganywa na nta ya nyuki hukaa zaidi. Hupakwa kidogo, mdomo ungali na unyevu, hasa kabla ya kulala. Yanayowasha au kutia ubaridi kwa mentholi au kafuri hayaponyi: watu hudhani mwasho ni dalili ya dawa kufanya kazi, kumbe ni mdomo unaoumizwa. Wala ladha tamu si sifa, maana humwalika mtoto kulamba. Kopo moja lisizungushwe nyumba nzima, kwani virusi vya malengelenge ya mdomoni huweza kupita humo.

Hata hivyo, jambo zito zaidi ni jua. Ziwa Victoria lipo karibu na ikweta, mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari, na uso wa maji huirudisha miale juu, hivyo kofia pekee haimtoshi mvuvi aliye mtumbwini. Mama anayeanika dagaa hushinda juani akiwageuza, na mdomo wa chini ndio unaopigwa zaidi. Mafuta ya mgando hayazuii miale hiyo. Mtu wa kazi hizo achague mafuta ya midomo yaliyoandikwa SPF 30 au zaidi, apake tena kila baada ya saa 2, na kila amalizapo kula. Bei ikimshinda, kofia yenye ukingo mpana na khanga iliyovutwa mpaka puani ni kinga ya kweli, hata wenzake wakimcheka.

Kwa mwenye ualbino, hili halina mjadala. Saratani ya ngozi humpata mapema, hasa kichwani, usoni na shingoni, na midomo haisalimiki. Huko Moshi, katika hospitali ya KCMC, hutengenezwa mafuta ya kukinga jua yaitwayo Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino. Mzazi aulize kituo cha afya namna ya kupata mafuta ya kukinga jua, asingoje mdomo wa mtoto upasuke.

Kidonda kisichopona kwa wiki 3, gamba linalobanduka na kurudi, au uvimbe mgumu katika mdomo wa chini, si ukavu tena, na hakuna mafuta yatakayouondoa. Mwenye dalili hizo aende zahanati akachunguzwe, na ikibidi apewe rufaa hadi Bugando, ambako saratani hutibiwa. Ikigunduliwa ingali ndogo, mara nyingi hukatwa na mgonjwa akapona. Ikicheleweshwa huweza kuingia kwenye matezi ya shingo. Asisubiri maumivu, kwani kidonda cha namna hiyo mara nyingi hakiumi mwanzoni.