Nahodha Wako Ana Cheti?

Unapompa dereva mzigo wako wa ndizi na pilipili manga ateremke nao mlimani, humpi usukani kwa sababu ni mpwa wa jirani. Unataka leseni, na unataka mtu anayezijua kona za mlima huo.

Majini ni vivyo hivyo. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, Ziwa Victoria. Uwezo wake ulikuwa abiria 101; waliofariki walizidi 220. Rais wa wakati huo, John Magufuli, alieleza kuwa usukani uliachiwa mtu asiye na mafunzo.

Ndugu yangu, ukinunua boti na kukodi nahodha aipeleke Mafia au Kilwa, muulize mambo matatu. Cheti chake kingali hai? Kinaruhusu chombo cha ukubwa huo? Ameshapita njia hiyo? Bara, vyeti vya mabaharia husimamiwa na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC). Zanzibar, na Mamlaka ya Usafiri Baharini.

Cheti bila uzoefu hakitoshi, na uzoefu bila cheti hautoshi. Uliza kabla ya kung'oa nanga.