Tende za Bibi Maryam na Wakunga Wetu



Ndugu zangu katika imani, jioni hii kabla hujatia tende mdomoni, mkumbuke Bibi Maryam (a.s.). Uchungu ulimshika akiwa peke yake, akaegemea shina la mtende. Hakuwa na mama wala mkunga. Allah (s.w.t.) akamruzuku tende mbivu na maji. Mama zetu wa hapa Ayany, Makina na Lindi hawateremshiwi muujiza ule. Wao wanahitaji mkunga.

Ramadhan iliyopita nilimpeleka shangazi yangu hospitali usiku. Wadi nzima ya kina mama ilikuwa na nesi mmoja. Adhana ya Magharibi ilikuwa imempita akizalisha, na saa nne ndiyo akafuturu, kwa maji ya chupa, amesimama. Akaniuliza, "Dada, wewe unasomea nini?" Nikamwambia biashara. Akasema, "Haya, na sisi tukichoka nani atashika?" Sikuwa na jibu.

Wenzetu wengi wanaosomea uuguzi wanatazama ng'ambo. Mwaka 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini mkataba wa wauguzi wetu kwenda kufanya kazi huko. Kutafuta rizki ya halali si dhambi. Lakini tumtazame Edna Adan Ismail, Muislamu mwenzetu, aliyezaliwa Hargeisa mwaka 1937. Alisomea uuguzi na ukunga London, akarudi kwao. Baada ya kustaafu Shirika la Afya Duniani, alitumia akiba na pensheni yake, hata gari akauza, akajenga hospitali ya uzazi iliyofunguliwa Hargeisa mwaka 2002. Wakunga wa kujitolea walikuja kutoka nje, wakasaidia, wakarudi makwao. Mgeni ni baraka, lakini mgeni huondoka. Ndiyo maana yeye akawafundisha ukunga mabinti wa pale pale.

Ndugu zangu, akifa mwanamke hapa mtaani, tunajua ni kina mama gani wa kuitwa kuja kumwosha maiti. Hiyo ni fardhi kifaya, na hatuiachi. Imam Ghazali ameihesabu tiba pia kuwa fardhi kifaya. Je, wa kumpokea anayezaliwa tunao wangapi?

Wewe dada uliye kidato cha nne, uulizie kozi ya uuguzi KMTC. Wewe mzazi, usimwambie binti yako kwamba ukunga ni kazi ya kushika uchafu. Na ninyi kaka zangu, msidhani hayawahusu. Kutokwa na damu nyingi ndiko kunakoua kina mama wengi zaidi wakati wa kujifungua. Basi ukishafuturu, ukala na kunywa vizuri, nenda siku moja ukatoe damu.

Yaa Allah, wape nguvu wakunga wanaokesha usiku huu, na utujaalie nasi tuwe miongoni mwao. Aamin.

Wabillahi tawfiq.